Kuvuta na Kushawishi: Uhakiki wa Tafsiri na wa Mimbari

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, hutumia vitenzi viwili mahali ambapo Kigiriki kina kimoja tu, peitho. Kule Korintho Paulo alijaribu "kuwavuta" Wayahudi na Wayunani (Mdo 18:4), na ndivyo alivyoieleza kazi yake yote (2 Kor 5:11). Lakini wakuu wa makuhani "wakawashawishi" makutano wamtake Baraba (Mt 27:20). Msomaji hujengewa dhana kwamba mitume huvuta na waovu hushawishi.

Kwa maoni yetu, tofauti hiyo inamnyima mhubiri onyo. Kwa Kigiriki, kazi ya mtume na kazi ya waliomtafutia Bwana mauti ina jina moja. Kinachozitenganisha si ufundi wa maneno, bali ni ukweli wa neno na nafasi anayoachiwa msikilizaji.

Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, unalidhihirisha jambo hili. Hapo, mkabala na Nakonde ya Zambia, mpiga debe huvuta abiria, na mbadili fedha humshawishi mwenye kwacha achukue shilingi. Hata hivyo mwenye kwacha aweza kuuliza bei kwa mwingine, na kuhesabu noti zake kabla ya kuondoka. Mwamini anayeambiwa kwamba kuuliza ni kukosa imani, na kwamba baraka itampita asipotoa sasa hivi, hana hata nafasi hiyo. Mimbari ya namna hiyo imeshuka chini ya soko.

Wako watakaotukumbusha 1 Kor 2:4. Lakini hapo Paulo hakatai kusadikisha watu. Anakataa hekima inayotwaa mahali pa msalaba. Tena pistis, yaani imani, hutoka katika shina lilo hilo la peitho. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyapima kwa Maandiko yale waliyohubiriwa (Mdo 17:11). Naye Luther, katika mahubiri yake ya Wittenberg ya Machi 1522, alikuwa tayari kuhubiri, kufundisha na kuandika, ila si kumlazimisha mtu awaye yote.

Basi mwanafunzi wa homiletiki na ajiulize swali moja kabla ya kupanda mimbarani: je, msikilizaji wangu, akifika nyumbani na kufungua Biblia yake, ataweza kuyahesabu niliyompa, na kuyakuta kamili?