Pongezi kwa mafundi wa usukani, Gazi

Wageni wengi hufika Gazi kwa ajili ya mikoko, na wana haki: mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, umelieneza mbali jina la kijiji. Mimi nawapongeza mafundi wa vyombo, hasa wale wanaokiwezesha chombo kikuukuu kuusikia mkono wa nahodha.

Mashua yenye njari, zile kamba zinazovuta usukani huku na huku, huzeeka kwa siri. Chumvi na jua hula nyuzi za ndani kabla ya nje kuonyesha chochote. Fundi hodari huzikunja, huzipekua kwa kucha, kisha hubadilisha zote mbili. Kamba mpya ikifungwa sambamba na iliyochoka, chombo huvuta upande.

Boti za injini zenye usukani wa mafuta zinadai uangalifu uleule. Pampu iliyo nyuma ya gurudumu husukuma mafuta kupitia mipira miwili hadi kwenye silinda. Mpira mmoja ukianza kupasuka, jozi nzima hutolewa. Baada ya hapo ndipo penye kazi hasa: kutoa hewa. Mafuta hayabonyei, hewa hubonyea, na povu likibaki gurudumu huzunguka bila boti kugeuka. Mmoja huzungusha polepole, mwenzake huongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe.

Nje ya mwamba, kusi ikivuma, boti isiyogeuka huyapa mawimbi ubavu. Kwa hiyo wenye boti, mlipeni fundi ujira wake siku ileile, bila kumpunja.