Heko, Mafundi wa Bovington
Marafiki zangu walikwenda Bovington, kusini mwa Uingereza, kutazama vifaru. Mimi niliwatazama zaidi mafundi. Makumbusho ya vifaru ya hapo yanatunza Little Willie, kifaru cha majaribio kilichoundwa mwaka 1915, babu wa ukoo mzima. Lakini siku ya maonyesho ya Tankfest umati hukingojea zaidi Tiger 131, kifaru cha Wajerumani kilichotekwa na Waingereza nchini Tunisia, Aprili 1943. Ndicho Tiger I pekee duniani kinachotembea kwa injini yake.

Kukitembeza si mchezo. Kina tani zaidi ya 50, injini ya Maybach yenye silinda 12, na vipuri visivyouzwa duka lolote. Kikiharibika kimoja, mara nyingi lazima kichongwe upya. Ndiyo maana huwashwa mara chache tu kwa mwaka. Baadhi ya wanaokihudumia hujitolea tu, bila mshahara, grisi hadi viwikoni.

Rafiki mmoja alinung'unika kwamba onyesho lilikuwa fupi. Fupi? Chuma cha miaka themanini kinageuka uwanjani bila kuzimika, naye anatazama saa!