Safari ya Napoli: Sinema Moja juu ya Ndoa

Macho hayana pazia, wazee walisema. Jicho huona kila kilicho mbele yake. Lakini moyo una pazia, na pazia la moyo halifunguki kwa kulipa nauli ya safari. Ndivyo tulivyofikiri baada ya kuitazama sinema ya Kiitalia iitwayo Viaggio in Italia, maana yake Safari katika Italia. Aliyeitengeneza ni Roberto Rossellini, nayo ilionyeshwa mwaka 1954. Ni sinema ya zamani, haina rangi, yadumu karibu saa moja na nusu. Hata hivyo twapenda kuieleza hapa, kwani yahusu jambo ambalo watu wa ndoa wanalijua sana, ingawa hawapendi kulisema.

Bwana na bibi wa Uingereza, Alex na Katherine Joyce, wanafika Napoli kwa motokari. Mjomba mmoja amekufa na kuwaachia nyumba nzuri inayoelekea Vesuvio, ule mlima wa moto, nao wamekuja kuiuza. Wameoana tangu miaka minane, na hawana mtoto. Kwao Uingereza bwana alikuwa na kazi yake, bibi alikuwa na wageni wake, na nyumba ilionekana kuwa na amani. Kumbe njiani, wakiwa wawili tu, bila kazi wala wageni, wanatambua kwamba hawana la kuambiana. Ni kama watu wasiojuana waliopewa chumba kimoja.

Basi wafanye nini siku zile wakingojea mnunuzi? Bibi anakwenda kutazama mji. Anaingia katika nyumba kubwa ya vitu vya kale, na mzee mmoja anamwonyesha sanamu za mawe, kati yake ile ya Hercules mwenye misuli mikubwa. Siku nyingine anakwenda Cumae kuona pango la Sibilla, mwanamke aliyetabiri zamani za wapagani. Anakwenda Solfatara, mahali ambapo ardhi yatoa moshi, na ukikaribiza moto kidogo moshi unaongezeka pande zote. Kila mahali anaongozwa na mtu wa kulipwa. Mume wake hayupo. Naye bwana amevuka bahari kwenda kisiwa cha Capri kutafuta furaha kwa watu wengine. Huko anamtamani bibi mmoja, kisha anajua kwamba bibi huyo anataka kupatana na mume wake mwenyewe. Anarudi Napoli mikono mitupu.

Hapo twaona jambo la kwanza la kusifu. Sinema nyingi za safari hutuonyesha kwamba mji mzuri huwarudishia watu mapendo: wanatembea, wanakula vizuri, wanacheka, mambo yamekwisha. Rossellini hasemi uongo huo. Katherine akipita mjini ndani ya motokari yake, anawaona wanawake wenye mimba na wenye kusukuma watoto, naye anaumia. Akitazama sanamu, anamkumbuka kijana mtunga mashairi aliyempenda zamani, aliyekuwa askari Italia wakati wa vita, kisha akafa. Mji haumponyi. Unamwonyesha tu kile alichokuja nacho kutoka kwao. Mwenye kidonda akienda mbali, kidonda kinakwenda naye.

Jambo la pili ni Pompei. Bwana na bibi wamekwisha kusema wataachana. Saa ile ile wanaalikwa kwenda kuona kazi ya wachimbaji, na kwa heshima hawawezi kukataa. Mji wa Pompei ulifunikwa na majivu ya Vesuvio mwaka 79. Miili ya waliokufa ikaoza, na mahali pake pakabaki uwazi ndani ya majivu yaliyokuwa yameshikamana. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli alianza kumimina plasta ndani ya uwazi wa namna hiyo, na umbo la mtu likatokea jinsi alivyokufa. Wasomaji wetu wa Goma, waliouona moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na mwaka 2021, hawana haja ya kuelezwa sana habari hizo. Wachimbaji wanaondoa udongo taratibu. Mkono, kichwa, miguu. Kisha mtu wa pili kando yake: mwanamume na mwanamke, waliokufa pamoja. Katherine anaanza kulia na kukimbia.

Tuangalie vema. Katika safari yote, hapo ndipo wanaposimama bega kwa bega mbele ya kitu kimoja, nacho kikawagusa wote wawili. Neno kubwa la sinema hii, tuonavyo sisi, ni hilo. Aliyetazama mambo mengi peke yake hakupata kitu; waliotazama jambo moja pamoja wameanza kuamka.

Sasa tuseme kasoro zake. Wakirudi, motokari yao inazuiwa na maandamano ya dini. Watu wanapiga kelele kwamba muujiza umetokea. Wingi wa watu unamchukua Katherine kama mto, anamwita mume wake, naye anamfuata na kumshika. Hapo wanaambiana kwamba wanapendana, na sinema inakwisha. Mwaka 1955 Jacques Rivette aliisifu sana kazi ya Rossellini katika gazeti la Kifaransa Cahiers du cinéma. Sisi hatuwezi kusifu yote. Kukumbatiana kwa sababu ya hofu ni mwanzo, wala si mapatano. Nani ameomba msamaha? Ile safari ya Capri imesemwa? Tena hawakuingia katika sala ile. Walipita tu ndani yake. Tusiharakishe kuwaita watu walioongoka.

Kasoro ya pili: watu wa Napoli wanaonekana kwa dirisha la motokari. Wachache tu wanapewa jina. Wengine watasema ndilo kusudi la mtengenezaji, kwa sababu bwana na bibi hawa hawajui kuwatazama wengine. Labda. Lakini sisi wa Kongo twamjua vema mgeni anayepita kijijini na kupiga picha bila kusalimu. Afadhali ule mwendo wa Fontanelle, penye mafuvu mengi ya wafu, ambapo bibi aitwaye Natalia anakwenda kuomba apate mtoto. Desturi ya kuheshimu mafuvu yale ilikatazwa na Askofu mkuu wa Napoli mwaka 1969, na tunafahamu sababu yake. Lakini Natalia hakwenda kutazama. Alikwenda kuomba.

Wengine watatuuliza: je, mtu kama Rossellini aweza kutufundisha juu ya ndoa? Ingrid Bergman, anayeigiza Katherine, alikuwa mke wake wakati ule, na ili wapate kuoana mwaka 1950 wote wawili walikuwa wameacha ndoa zao. Nayo ndoa yao ilivunjika mwaka 1957. Hatufichi neno hilo, wala hatulihesabu kuwa dogo. Lakini aliyeanguka katika shimo aweza kusema kweli kina chake, na sinema hii haisemi popote kwamba kuachana ni jambo jepesi.

Si sinema ya watoto. Tungeiweka katika daraja la watu wazima. Wachumba wanaojitayarisha kwa sakramenti wangefaidika nayo, na zaidi walio na miaka minane au kumi ya ndoa. Waitazame pamoja, bwana na bibi kwenye benchi moja. Ikiisha wasikimbilie kuzima taa na kulala. Kila mmoja amwambie mwenzake ni wapi katika sinema ile amejiona mwenyewe, na mwenzake asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza.