Weupe Hutoka kwenye Ubao

Mashine ya kuchapia haina wino mweupe. Anayetoa fotokopi kwenye kibanda chake mjini Kasese anaweza kumaliza mwaka mzima asilifikirie jambo hilo, kwa sababu karatasi humfichia: palipo peupe pichani, mashine imepita bila kugusa. Fundi anayehamishia picha kwenye ubao uliopakwa rangi hana budi kulijua. Kwa maoni yangu ufundi wake unaanzia hapo, si kwenye gundi.

Chukua picha ya Rwenzori. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda mlima huo na msafara wa mwanamfalme Luigi Amedeo, akapiga picha za vilele ambazo hadi leo hutumika kuonyesha barafu ilivyokuwa imetanda kabla haijapungua. Ukiihamishia picha ya namna hiyo kwenye ubao mweupe, theluji ya kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, haitoki kwa Sella wala kwa mashine. Inatoka kwenye kopo la rangi. Unga mweusi wa mashine unachora miamba, nyufa na vivuli vya mawingu. Theluji ni ubao wenyewe ulioachwa wazi. Paka samawati, mlima utakuwa wa usiku wenye mbalamwezi. Paka manjano, na mtu wa Kilembe, chini ya mlima huo, atakuuliza huo ni mlima wa nchi gani.

Kwa nyuso za watu, mimi huchagua rangi ya maziwa, tena iliyotiwa tone la kahawia. Picha ya bibi iliyochapwa kwa nyeusi tupu, ikikaa juu ya rangi hiyo, hupata joto mashavuni ambalo karatasi haikuwa nalo. Juu ya nyeupe kali, bibi yuleyule anaonekana amepigwa picha ya kitambulisho.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vya kutisha. Ubao unapigwa randa, unapigwa msasa, unapakwa rangi na kuachwa ukauke kabisa. Rangi ya mafuta yenye kung'aa hukwaruzwa kidogo kwa msasa laini, la sivyo gundi haishiki. Picha ichapwe kwa mashine ya leza, kwani unga wake ni plastiki iliyosagwa ambayo joto limeiyeyusha juu ya karatasi, maji hayaiwezi. Zile mashine zinazotema wino wa maji zitakuachia matope. Tena igeuzwe kabla ya kuchapwa, kushoto kuwe kulia, hasa kama ina maandishi, maana itabandikwa kifudifudi. Unapaka gundi nyeupe ya seremala, tabaka jembamba lililoenea sawasawa, unailaza picha uso chini, unasukuma hewa kutoka katikati kwenda kingo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Kisha unaondoka. Kulala na kuamka ndio muda wa heshima. Wenye haraka huiweka juani, na jua la Kasese huzikunja mbao nyembamba kabla gundi haijashika.

Ndipo inakuja sehemu ninayoipenda. Unalowesha mgongo wa karatasi kwa kitambaa, unangoja iwe laini, unaanza kusugua kwa ncha za vidole. Karatasi inajiviringa na kutoka vipandevipande, na chini yake jicho linajitokeza, halafu kola, halafu nusu ya tabasamu. Kucha haziruhusiwi. Nguvu haziruhusiwi. Ukidhani umemaliza, ubao unakauka na ukungu mweupe unarudi: ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Unalowesha tena, unasugua tena. Kazi nyingi za mikono huongeza kitu, uzi juu ya uzi, tofali juu ya tofali. Hii huendelea kwa kupunguza, na ujuzi wote uko katika kuhisi mahali karatasi inapoishia na picha inapoanza, jambo ambalo macho hayawezi kuamua.

Mtu asidhani ni mchezo wa juzi. Zile cherehani nyeusi za Singer, zilizosambaa katika masoko ya Afrika Mashariki hata baada ya kiwanda chao cha Clydebank, Uskoti, kufungwa mwaka 1980, zilipambwa kwa michoro ya dhahabu iliyochapwa kwanza kwenye karatasi na kuhamishiwa juu ya rangi. Toleo moja lilibeba Sphinx wa Misri. Pale nguo inapopita kila siku dhahabu imefutika, na fundi cherehani anakaa mbele ya kazi ya mwenzake bila habari.

Siku hizi mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine kubwa yamewanyang'anya wachora maandishi kazi nyingi. Sitawalaumu wenye maduka. Bango linapatikana upesi. Lakini mji wa Bwera uko pembeni mwa mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo, na mbao za Kongo hupita hapo kwenda Kampala na mbali zaidi. Mahali penye mbao, vibanda vya fotokopi na wateja wanaovuka kutoka Kasindi na Kiswahili chao, ubao wenye picha ya mwenye duka una nafasi yake. Bango lililochanika hakuna anayelitengeneza. Ubao huchubuliwa, hupakwa upya, hupewa sura nyingine.

Ukitaka ubao ukae nje, mvua zinazoshuka kutoka mlimani zitauadhibu, kwa hiyo vanishi si pambo. Ya kwanza ina kazi ya ziada: zile nyuzi chache zilizokushinda kutoa huinywa na kuwa angavu, na weusi uliofifia unarudi kuwa weusi. Mapengo madogo yaliyotokea wakati wa kusugua mimi siyazibi kwa brashi, kwani doa la rangi huonekana kuliko pengo. Paka mara mbili au tatu, ukingoja kila moja ikauke, na usisahau kuupaka ubao mgongoni na kwenye kingo zilizokatwa kwa msumeno, maana maji huingilia huko.