Kifaru wa Hamsini

Senti 50 ya mwaka 1966 ilibeba sungura. Shilingi 50 ya mwaka 1996 ikabeba kifaru na mtoto wake, upande wa pili Mzee Mwinyi. Ndani ya miaka thelathini mnyama alikua, thamani ikasinyaa.

Mchoro naupenda, ila kazi bora ya msanii iko ukingoni: pande saba. Bibi yangu anauza nyanya hapa Singida mjini na macho yake yamefifia. Hamsini anaijua kwa kidole gumba, haulizi mtu.

Wapo wanaosema sarafu hii imeshakufa, ifutwe tu. Sawa, lakini bei zitaelekea wapi? Cha 250 hakitashuka kuwa 200, kitapanda kuwa 300, na atakayelipa ni yule anayenunua kidogo kidogo kila siku.

Juzi dukani nilikosa chenji ya hamsini, nikapewa pipi. Nilipompelekea bibi, aliipapasa, akacheka kidogo.

“Mjukuu wangu, kesho nikienda kununua chumvi, hii atanipokelea?”

Sikuwa na jibu. Kifaru, hata akidharauliwa, bado anapokelewa.