Kasoro Iliyofichwa

Simu yako ikianza kuwa nzito, usikimbilie dukani kununua mpya. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa, ili zisizimike ghafla. Sababu yenyewe inaingia akilini. Lililo baya ni kunyamaza. Ni wangapi walioacha chombo kizima, kumbe betri mpya ingetosha? Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Muuzaji anayeficha kasoro ya bidhaa hana tofauti na mwenye kupunja mizani. Basi kabla ya kununua, uliza: betri hubadilishwa, na kwa bei gani?