Ngoma Jukwaani: Je, Bado Ni Fasihi Simulizi?

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, aghalabu swali la ngoma katika karatasi ya 102/3 hujibiwa kwa orodha: fanani, hadhira, ala, maleba, dhima. Orodha hiyo ni sahihi, ila haimsaidii mwanafunzi anayekabiliwa na ngoma iliyohama uwanjani na kuingia katika ukumbi wa sanaa wa chuo kikuu.

Chukua mfano wa Faustin Linyekula, mzawa wa Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Nairobi, ambako pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walitunga *Cleansing*, mojawapo ya kazi za mwanzo za densi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako jijini Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani. Katika *Le Cargo* (2011), anacheza peke yake. Kwanza anaketi na kusimulia safari yake ya kurudi Obilo, kijiji alichokijua utotoni, kuzitafuta ngoma za huko. Ndipo anapocheza.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, hadhira. Katika mwazindika ya Wadawida, ngoma inayohusishwa na pepo na uponyaji, anayetazama ni sehemu ya tukio. Mgonjwa na wapiga ngoma wanahitajiana. Ukumbini, hadhira imenunua tikiti na kukaa kimya. Ni hadhira tuli. Pili, muktadha. Uwanjani hakuna haja ya kueleza ngoma inachezwa kwa nini, maana wote wanajua. Linyekula analazimika kusimulia kwa sababu watazamaji wake hawajui. Usimulizi wake basi si pambo. Unaziba pengo lililoachwa na muktadha.

Hapo ndipo ubora wa kazi hii ulipo. Haidai kwamba imeileta Obilo jukwaani. Linganisha na maonyesho ya Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971, ambako ngoma za jamii mbalimbali zimekuwa zikifuatana mbele ya wageni. Yamehifadhi mengi, lakini mtazamaji anaweza kuondoka akidhani ameiona ngoma yenyewe. *Le Cargo* inamwonyesha kilichopotea njiani.

Dosari ipo pia. Mchezaji akiwa mmoja, ngoma ya jamii hugeuka kuwa kumbukumbu ya mtu binafsi. Wenyeji wa Obilo wanasimuliwa, hawajisimulii.

Kwa hivyo, jibu letu ni lipi? Ngoma jukwaani ni maigizo yanayotokana na fasihi simulizi, yenye fanani na utendaji, ila lengo na hadhira vimebadilika. Mtahiniwa aliandike hivyo na alitetee.

Jambo hili lina uzito Mboghoni kuliko ukumbini. Mwanafunzi wa huko huandika isukuti kwa kuwa imo kitabuni, ilhali nyanya yake Mtaveta anazijua ngoma ambazo hakuna mwongozo uliozitaja. Isukuti yenyewe iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Zisizoandikwa popote zitalindwa na nani? Linyekula alirudi kijijini akiwa mtu mzima. Mwanafunzi wako bado yuko kijijini.

Zoezi
1. Mhoji mzee mmoja kuhusu ngoma moja ya kwenu. Eleza wachezaji, wakati na lengo lake. (alama 10)
2. Ngoma hiyo ikipelekwa jukwaani, itapoteza nini na itapata nini? (alama 10)